Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tutajuaje kama mafunzo yetu ya ovadozi yanaokoa watu?

Maswali haya yanatoka kwa vikundi vinavyofundisha watu namna ya kumwokoa aliyezidisha unga, yaani heroini au dawa za jamii yake: waelimishaji rika, wahudumu wa jamii, nyumba za upataji nafuu, wazazi, na maofisa wa afya wanaodaiwa ripoti kila robo mwaka. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Mafunzo haya yanafundisha nini hasa?

Heroini, morfini, fentanili na dawa nyingine za jamii ya opioidi huzubaisha sehemu ya ubongo inayoamuru mtu apumue. Aliyezidisha hupumua polepole, halafu kwa kukoroma na kukwama, halafu huacha. Kwa heroini mara nyingi hilo huchukua dakika nyingi, pengine hata saa nzima, na mara nyingi kuna mwenzake karibu. Mafunzo yanamlenga huyo mwenzake.

Anafundishwa kuzitambua dalili: haamki akiitwa, anapumua kwa shida au hapumui, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kisha anafundishwa la kufanya: kumsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi, kuita msaada, kumpa naloksoni (dawa inayoondoa nguvu ya opioidi mwilini), kumpulizia pumzi moja kila sekunde 5, kusubiri dakika 2 au 3 kabla ya kurudia dozi, kumlaza ubavu na kubaki naye. Asiondoke, kwa sababu nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kudumu mwilini kuliko hapo, mtu akazama tena.

Anafundishwa pia ya kuacha. Kumwagia maji, kumdunga maji ya chumvi, kumpiga makofi: yote hayo yanakula muda. Kumnywesha maziwa mtu asiye na fahamu kunaweza kumpalia na kumuua.

Naloksoni si dawa ya hospitali? Ilifikaje mikononi mwa watu wa kawaida?

Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 1983. Mwaka 1996 kikundi cha Chicago Recovery Alliance kilianza kuwapa watumiaji wenyewe, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiwaona wenzao wakifa. Mwaka 2014 WHO ilitoa mwongozo unaosema kwamba yeyote anayeweza kushuhudia ovadozi apate naloksoni na aelekezwe kuitumia. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Mtu asiye na opioidi mwilini akipewa kimakosa, haimdhuru kwa lolote la maana. Anayetumia unga kila siku itamwamsha na alosto, yaani maumivu ya kukosa unga, naye ataamka na hasira. Hilo nalo lifundishwe.

Tumefundisha watu mia tatu mwaka huu. Hayo si mafanikio?

Ni kazi, na poleni kwa jua na vumbi. Lakini karatasi ya mahudhurio haionyeshi kama kuna aliyeokolewa. Inaonyesha kwamba watu walikuja, wakasaini, pengine wakapewa nauli na soda.

Jiulizeni: kati ya hao mia tatu, wangapi waliondoka na naloksoni mkononi? Kati ya hao, wangapi huketi maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, au huishi nyumba moja na mtumiaji? Ukiwafundisha makarani wa ofisi ya kata mia tatu bila dawa hata moja, idadi ni ileile kwenye ripoti, na huko mtaani hakuna kilichobadilika. Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo, zenye picha nzuri za vyeti, na kila mara swali langu linabaki hilo hilo: dawa iko wapi?

Ndiyo maana nawasihi wote wanaotathmini mafunzo haya waifuate dawa. Kila kifurushi cha naloksoni kilichotoka stoo kina safari yake. Alikabidhiwa nani? Mwezi mmoja baadaye kiko wapi: mfukoni, kabatini, kimepotea, kimechukuliwa na polisi, au kimetumika? Kama kimetumika, kwa nani, na mtu huyo alipona? Mwenye nacho alirudi kuchukua kingine? Mkiweza kujibu maswali haya kwa vifurushi vyenu vyote, au hata kwa nusu yake kwa uaminifu, tathmini yenu itakuwa na uzito kuliko ripoti ya kurasa mia.

Basi jaribio la kabla na baada ya mafunzo halina maana?

Lina maana, ila ni mlango tu. Uingereza, Anna Williams na wenzake walitunga mwaka 2013 vipimo viwili, kimoja cha maarifa na kingine cha mtazamo kuhusu ovadozi ya opioidi, ambavyo vimetafsiriwa na kutumika katika nchi nyingi. Mwaka uliofuata walichapisha jaribio la nasibu, ambalo washiriki hugawanywa kwa kura, kwa ndugu na jamaa wa watumiaji wa heroini: waliofundishwa walijua zaidi na walijiamini zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliopewa maandishi tu. Kwa hiyo msipime siku ya mafunzo peke yake, maana jioni ile kila mtu anakumbuka. Pimeni tena baada ya miezi 3.

Na pimeni kwa mikono. Mlaze mtu chini, au tumieni sanamu ya mafunzo, kisha mwambie mwanafunzi aokoe huku mkimtazama. Anavunja ampuli, ile chupa ndogo ya kioo yenye dawa, bila kujikata? Anavuta dawa yote kwenye sindano? Anakumbuka kupuliza pumzi, au anasimama akingoja dawa ifanye miujiza? Mtu anaweza kupata alama zote kwenye karatasi akashindwa kuvunja ampuli gizani.

Jambo moja zaidi kuhusu vipimo vilivyotungwa Ulaya: vingi huuliza kama midomo imekuwa ya buluu. Kwa mtu mweusi rangi ya kuangalia ni ya majivu, na mahali pa kuangalia ni ufizi, ndani ya midomo na chini ya kucha. Msipobadilisha swali hilo mtawafelisha watu wanaojua wanachokiona.

Tumfundishe nani kwanza?

Watumiaji wenyewe. Kisha wanaoishi nao. Wengine wote baadaye.

Hili si suala la huruma tu. Takwimu ndizo zinazosema. Massachusetts, Marekani, sehemu kubwa ya uokoaji ulioripotiwa kati ya 2002 na 2009 ulifanywa na watumiaji. Uingereza, jaribio la N-ALIVE liliwapa baadhi ya wafungwa naloksoni siku ya kutoka gerezani, likitarajia iwaokoe wao. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyotumika ilitumika kwa watu wengine waliokuwa karibu nao. Yaani mfungwa aliyetoka gerezani aligeuka mwokoaji wa mtaa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, mwaka 2014, sababu mojawapo ikiwa hiyo: ukilinganisha vifo vya waliopewa na wasiopewa, unapima watu ambao si hao hasa waliookolewa.

Hapa kuna somo la kitaalamu ambalo vikundi vingi hulikosa. Manufaa ya mafunzo hayamwangukii aliyefundishwa, yanamwangukia jirani yake. Ukimfuatilia mwanafunzi peke yake uone kama yuko hai, umekosa karibu kila kitu.

Upo ushahidi kwamba vifo hushuka kweli?

Upo, na ninaouamini zaidi ni wa Massachusetts. Watafiti wakiongozwa na Alexander Walley walichukua jumuiya 19 zilizokuwa na vifo vya opioidi visivyopungua 5 kwa mwaka kati ya 2004 na 2006, wakafuatilia vifo kuanzia 2002 hadi 2009 kadiri mafunzo na ugawaji wa naloksoni ulivyoingia kila mahali kwa wakati wake. Watu 2,912 walifundishwa, na uokoaji 327 uliripotiwa. Kisha wakalinganisha viwango vya vifo. Palipofundishwa watu wachache, hadi 100 kwa kila wakazi 100,000, kiwango kilikuwa chini kwa asilimia 27 kuliko pasipokuwa na programu. Palipofundishwa zaidi ya 100 kwa kila wakazi 100,000, kilikuwa chini kwa asilimia 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Uzito wa utafiti huo ni ule mpango wa ngazi. Programu ilivyozidi kuenea, ndivyo vifo vilivyozidi kupungua. Kama sababu ingekuwa jambo lingine lililotokea Massachusetts nzima, isingefuata ngazi hiyo kwa urahisi. Hata hivyo watafiti hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya watu waliofika hospitali kwa ovadozi, na walisema hivyo wazi. Huo ndio uungwana wa kazi hii.

Kuna pia mradi wa WHO na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu huko Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Ukraine, ambako watu zaidi ya 14,000 walifundishwa. Miongoni mwa waliofuatiliwa na wakashuhudia ovadozi, karibu 9 kati ya 10 walitumia naloksoni, na karibu wote waliookolewa walipona. Nauthamini mradi huu kwa sababu ulifanyika katika nchi zenye sheria kali na bajeti ndogo, hali tunayoijua.

Lakini Uskoti walieneza naloksoni nchi nzima na vifo vikazidi kupanda. Mnasemaje?

Uskoti ilianza programu ya kitaifa mwaka 2011. Badala ya kutazama vifo vyote, wataalamu walichagua mapema kipimo kimoja chembamba: kati ya wote waliokufa kwa opioidi, ni sehemu gani walikuwa na wiki 4 au pungufu tangu watoke gerezani? Walichagua hapo kwa kuwa anayetoka gerezani mwili wake umesahau unga. Akirudia kete zake za zamani zinamuua. Kati ya 2006 na 2010 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 9.8. Kati ya 2011 na 2013 ilishuka hadi 6.3.

Jumla ya vifo vya dawa za kulevya ilipanda baadaye, mpaka vikaandikishwa 1,339 mwaka 2020. Lakini mtaani kulikuwa kumeingia vidonge bandia vya jamii ya benzodiazepini, dawa za kutuliza na za usingizi, watu wakivichanganya na heroini, na naloksoni haina nguvu juu ya vidonge hivyo. Watumiaji nao walikuwa wamezeeka, wana maini na mapafu mabovu. Swali la haki ni kwamba bila naloksoni wangekufa wangapi. Halijibiki kwa kutazama mstari mmoja ukipanda.

Kinyume chake pia ni kweli. Marekani vifo vyote vya ovadozi vilikuwa karibu 108,000 mwaka 2022, vikashuka hadi takriban 80,000 mwaka 2024. Wapo waliokimbilia kudai kwamba ni mafunzo yao. Huenda yalichangia. Lakini unga wenyewe ulibadilika, tiba ilienea, na wengi waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wameshakufa. Mtu mwaminifu hachukui sifa yote.

Na ule utafiti mkubwa wa Marekani uliosema hakuna tofauti?

Ni utafiti wa HEALing Communities, wa jumuiya 67 katika majimbo ya Kentucky, Massachusetts, New York na Ohio, uliochapishwa mwaka 2024. Jumuiya ziligawanywa kwa bahati nasibu: zilizoanza mapema zilipata vifo 47.2 kwa kila watu wazima 100,000, na zilizosubiri 51.7. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Someni kwa makini kilichopimwa. Haukupima naloksoni dhidi ya kutokuwa na naloksoni, kwani zilizosubiri nazo zilikuwa nayo. Ulipima njia ya kuzihamasisha jumuiya zichague mikakati yao na kuitekeleza, katikati ya janga la UVIKO-19 na mafuriko ya fentanili. Mwaka wa kulinganisha ulipoanza, asilimia 38 tu ya mikakati iliyopangwa ilikuwa imekwisha kuanza. Somo langu hapo ni la muda: msipime matokeo ya kitu ambacho bado hakijasimama.

Mradi wetu ni mdogo. Tunaweza kuonyesha kwamba tumepunguza vifo?

Kwa takwimu za vifo, karibu haiwezekani, na anayewataka mfanye hivyo anawaonea. Phillip Coffin na Sean Sullivan walikadiria kwa hesabu za kiuchumi mwaka 2013 kwamba kwa watumiaji wa heroini wa Marekani kifo 1 kinazuilika kwa kila vifurushi 227 vinavyogawiwa, tena kwa gharama ambayo serikali yoyote ingeiona ni nafuu sana. Mkigawa vifurushi 100, vifo vya wilaya vinaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu kuliko mchango wenu wote.

Semeni mnachoweza kukithibitisha: vifurushi vingapi viliwafikia walio karibu na ovadozi, vingapi vilitumika, wangapi walipona. Na msiseme kila uokoaji ni kifo kilichozuiwa. Wengi wanaozidisha huamka hata bila dawa.

Sisi wa Pwani hatuna takwimu za vifo vya ovadozi kabisa. Tuanzie wapi?

Hili ndilo swali gumu, na sipendi linavyojibiwa kwa kunyoosha mabega.

Unga uko Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Unguja kwa miongo mingi sasa, unaingia kwa majahazi kutoka upande wa Makran, pwani ya Iran na Pakistan. Watu wanakufa. Lakini mtu akikutwa amekufa uani au kwenye banda bovu, hakuna kipimo cha sumu kinachofanywa. Kwa familia za Kiislamu mazishi ni ya haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na ni haki yao. Kwenye cheti, kama kipo, kunaandikwa kwamba alishindwa kupumua, au moyo ulisimama. Aibu inafunika yaliyobaki. Halafu mtu wa wizara anasema hapa kwetu ovadozi si tatizo, hazionekani kwenye takwimu.

Wanaojua ni wa maskani. Anzeni nao. Mwelimishaji rika mmoja kwa kila maskani, daftari moja, mistari michache kila wiki: nani amezidisha wiki hii (kwa herufi za siri, si jina), alipona au hapana, alikuwa ametoka wapi. Andikeni kama alikuwa katoka gerezani, katoka nyumba ya upataji nafuu, au kaacha methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa unga), kwa kuwa hao ndio miili yao imepoteza uzoefu na ndio hufa upesi. Kwa kila kifo, mtu anayeaminika azungumze na wenzake au na jamaa baada ya matanga kuisha, kwa utaratibu wa maswali ya kubaini chanzo cha kifo ambao WHO inao tayari.

Kliniki za methadoni ni hazina nyingine iliyosahaulika. Muhimbili ilianza Februari 2011, Mathari jijini Nairobi Desemba 2014, Malindi na Zanzibar mwaka 2015. Wateja wengi huja kila siku. Nesi akiuliza kila Jumatatu, dirishani wakati wa dozi, "Ndugu, wiki hii umeona mtu amezidisha?" mtapata kwa mwaka mmoja picha ambayo hakuna hospitali ya rufaa inayo. Tukio moja litaripotiwa na watu watatu, kwa hiyo andikeni mahali na siku ili mtoe marudio. Na anzeni miezi kadhaa kabla ya kugawa kifurushi cha kwanza. Mkianza baada ya hapo, hamtakuwa na cha kulinganisha.

Madaftari hayo hayatatuletea polisi?

Yanaweza. Kenya ina sheria ya dawa za kulevya ya 1994 na Tanzania ya 2015, na mtumiaji anakamatwa kwa zote mbili. Msiandike majina, namba za simu wala picha za nyuso. Tumieni herufi na mwaka wa kuzaliwa. Mkiwa na uhusiano mzuri na mkuu wa kituo, mwelezeni kazi yenu kabla hamjaanza, lakini daftari lisitoke kwenye kabati la kufuli.

Kwa sababu hiyo hiyo, msimhesabie mtu kosa kwa kutopiga simu ya gari la wagonjwa. Muulizeni kwa nini. Jibu lake ni data muhimu kuliko alama mnayomnyima.

Wengi tuliowafundisha hatuwaoni tena. Tufanyeje na hao?

Waandikeni kwamba hawakuonekana. Kosa la kawaida ni kuhesabu waliorudi tu. Anayerudi kuchukua kifurushi kipya mara nyingi amekuja kwa sababu cha kwanza kilifanya kazi, naye anasimulia kwa furaha. Aliyeshindwa kumwokoa rafiki yake haji kusimulia. Ndiyo maana kila mahali mafanikio husomeka asilimia 95 na kuendelea. Mtumeni mwelimishaji awatafute waliopotea, hata wachache waliochaguliwa kwa kura, na mripoti kundi hilo peke yake.

Na huyo atakayewaambia "nilijaribu akafa" aketishwe, apewe maji, asikilizwe kwanza. Fomu itajazwa baadaye.

Watu hawatazidisha makusudi wakijua dawa ipo?

Hofu hii imechunguzwa na tafiti nyingi hazijaiunga mkono. Anayewahi kuamshwa na naloksoni anajua ile alosto, hakuna anayeitamani.

Vifurushi vyetu vimepita tarehe. Tuvitupe?

Badilisheni mapema kabla ya tarehe, na vitunzeni mbali na jua, maana joto la banda la mabati la Pwani si la stoo ya dawa. Lakini mtu akiwa hapumui na kilichopo ni kilichopita tarehe, mpeni hicho hicho huku mkiendelea kumpulizia pumzi. Vinaporudishwa kwenu bila kutumika, andikeni vilikaa kwa nani na wapi. Mkiona vingi vimerudi kutoka ofisi moja na hakuna kilichorudi kutoka maskani fulani, mgao ujao upelekeni huko maskani.